Mama Sahani, Kondoo wa Maabara, Anaagwa Ijumaa

Baada ya miaka tisa ya utumishi, Ijumaa hii Mama Sahani, kondoo wa maabara ya hospitali yetu, anastaafu rasmi. Hakuwahi kuchelewa kazini, ingawa haki isemwe: zizi lake liko nyuma ya maabara.

Kazi yake ilikuwa kutoa damu kidogo, nasi tukaichanganya kwenye sahani za kuoteshea bakteria. Ndiyo asili ya jina lake. Mgonjwa akiletwa anatetemeka kwa homa, tunaotesha damu yake humo. Wakiwa ni wale bakteria waitwao streptokoka, mara nyingi huila damu ya kondoo na kuacha duara jeupe, na daktari akajua adui ni nani. Mama Sahani hakuyajali hayo. Alivyomtazama mwenye sindano, ungedhani ni shemeji aliyekuja bila kualikwa.

Nidhamu yake ilikuwa ya wastani. Aliwahi kutafuna koti la mganga mkuu mwenyewe yumo ndani, akihutubia. Akapewa onyo la maandishi. Akalila nalo.

Sasa tuseme ukweli. Kamati ya sherehe ilipokaa, tulikubaliana upesi kwamba yeye ndiye mgeni wa heshima. Tukaja kwenye chakula. Mhasibu, mtu mkavu wa macho, akauliza kondoo ana kilo ngapi. Nasikitika kusema hoja iliungwa mkono, na wengine wakaanza kugawana mbavu. Mpishi wa kantini akaitwa anoe kisu.

Lakini mwaka jana mpishi huyo alijikata kidole akimenya viazi, akapuuza. Tulimpokea hajitambui, mkewe analia mlangoni, streptokoka wamejaa kwenye damu. Sahani ilipotuonyesha hivyo, daktari akabadilisha dawa mchana uleule, na mpishi akarudi jikoni kutupikia. Basi alisimama mbele ya kamati, akasema bila dada huyu kondoo mkewe angekuwa mjane, na mwenye hamu ya nyama aanze na yeye mpishi, ana kilo nyingi zaidi. Kura ikapigwa upya.

Tutakula maharage. Mhasibu atakaa meza ya mbali.

Mama Sahani, kwa niaba ya wote waliopona bila kukujua, asante sana. Majani ni tele shambani kwa mama mkwe wa mpishi, unakohamia. Wafanyakazi wenzako tunakutakia maisha kwanza. Mema yatafuata.