Kambi ya Jangwani Dukani kwa Frankline

Benchi letu hapa sokoni Rodi Kopany liko nje ya duka la Frankline, anayewawekea watu filamu kwenye flash. Mimi nashona viatu hapo pembeni, kwa hivyo hakuna linalonipita. Wiki hiyo Frankline alikuwa ameleta dokumentari moja ya Marekani: wanasiasa wakirushiana maneno kwa saa nzima, kisha wanajeshi wao jangwani saa nyingine nzima. Tuliitazama Jumatatu, tukairudia Jumanne. Jumatano asubuhi, Edith anayetuuzia kahawa alipofika na birika lake, hakuna aliyekuwa ametulia. Mtu anakaa, anasimama, anakaa tena.

— Hiyo vita ilikuwa ya kura tu, alisema Elkana. Tunamwita Seneta kwa sababu aliwahi kusimama udiwani akapata kura arobaini na moja. — Si mliona yule mzee wa tai nyekundu? Alikuwa anaanguka uchaguzi. Akatafuta vita.

— Kura gani, omera, ndugu yangu? Ni mafuta!

Huyo ni Joash, wa bodaboda. Jina lake la benchi ni Jenerali, kwani jeshi letu lilimkataa mara mbili kwa sababu ya meno.

— Mafuta wako nayo kwao, Jenerali.

— Basi ni mchanga. Kioo cha simu yako unadhani kinatengenezwa na nini? Jangwa lote lile, na wewe unaona ni bure?

— Sikizeni, Seneta alisema, akishusha sauti. — Bomu lilipoanguka, kamera ilikuwa ishasimama hapo inangoja. Nani alimwambia mwenye kamera? Vita ilipangwa na watu wa filamu!

— Na mjue tunafuata sisi, Jenerali alisema, ameshainuka. — Wiki jana ndege imezunguka ziwa mara mbili. Wanapima. Wanajeshi wao wamechoka na chakula cha mkebe, wanataka omena, dagaa wetu wa ziwani.

Tulicheka. Mteja wangu hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, amekaa kwa kigoda akingoja nimalize kushona sandali yake, mguu mmoja wazi juu ya gazeti.

— Kwani kwa hiyo filamu wanaonyesha wakikula? aliuliza.

— Wanaonyesha kila kitu, mama, alisema Seneta.

— Naomba kuona.

Edith ndiye aliyetuambia. Huyo alikuwa Benta, nyar Kisegi, yaani binti wa kutoka Kisegi. Mume wake, Okari, alikwenda kupika katika kambi ya Wamarekani jangwani, mwaka wa pili sasa. Simu yake ilikuwa haijaingia kwa miezi miwili.

— Umeripoti polisi? Jenerali aliuliza. — Naweza kukupeleka Homa Bay sasa hivi.

— Nimeenda mara tatu. Wanasema nilete jina la kampuni. Ajenti aliyempeleka alikuwa Migori. Nikienda nakuta mlango una kufuli, na ndani sasa wanauza magodoro. Okari aliniambia tu, kambi iko na mnara mweupe na bendera mbili.

Frankline aligeuza laptopu ituelekee. Mnara mweupe tulikuwa tumeuona. Sisi sote. Jenerali alikuwa ameubishania, akisema ni wa rada.

Tulijaa dukani. Frankline alipeleka filamu mbele mpaka kambini. Mnara ukapita. Bendera mbili. Wanajeshi wamepanga foleni na sahani, wanataniana. Kisha, kwa ukingo wa picha, mkono mweusi wenye glavu ukamiminia mmoja wao maharagwe.

— Simamisha! alisema Benta.

Mkono ulisimama hewani na mwiko wake. Uliishia kwenye kiwiko, kwa sababu kamera ilikuwa inamfuata mwanajeshi.

— Ni yeye? Edith alimuuliza.

— Yeye aliungua na mafuta, hapa. Benta aligusa nyuma ya kiganja chake. — Glavu imefunika. Rudisha, tafadhali.

Frankline alirudisha mara tano. Mara ya sita Benta alisogea karibu na kioo akainamisha kichwa kando, kama mtu anayechungulia nyuma ya mlango. Jenerali alitoka nje, akarudi, akatoka tena.

— Wacha iende mpaka mwisho, Benta alisema.

Mwisho majina yalianza kupanda, meupe juu ya giza. Siku zile mbili hatukuwahi kuyangoja. Benta alimwomba Seneta amsomee. Seneta alisoma kwa sauti, polepole, jina na cheo, jina na cheo. Hakuruka hata moja. Halafu wakaja wa kamera, wa muziki, wa kuendesha magari, hata aliyetunza mbwa wa jeshi.

Kioo kikawa cheusi.

— Hao ndio wote? Benta aliuliza.

— Ndio wote, mama.

Alivaa sandali yake niliyomshonea, akasimama mlangoni akitutazama, mmoja baada ya mwingine, sisi tuliojua hata kilichomo ndani ya mchanga.

— Na wapishi wameandikwa wapi?