Mujomba Aliyetolewa Kwenye Grupu

Lipo benchi moja pale Kalembe, juu ya barabara, penye mikaratusi mitatu. Halikuwekwa pale kwa ajili ya kivuli. Liliwekwa kwa sababu ndipo mtandao unapofika: ukisogea hatua nne kushoto, simu inabaki kuwa tochi tu, ukikaa benchini, unaongea na Goma, na Kampala, na Ulaya ukiwa na mtu huko. Basi watu wakaleta ubao, Mama Agathe akaleta termo yake ya kahawa ya tangawizi, na wasio na haraka ya shamba wakaleta midomo. Wenye benchi ni watatu. Kuna Direkta, yaani mzee Kanyamibwa, aliyewahi kuongoza shule ya msingi na ambaye hadi leo huongea kama kuna ubao mweusi nyuma yake. Kuna Serveur, jina lake la ubatizo Fiston, baba wa watoto watano, anayechaji simu za kijiji kwa paneli ya jua na kwa hiyo anajiona daktari wao. Na kuna Gustave, mkulima wa maharage, ambaye wote wanamwita Papa Vokal, kwa sababu hajui kuandika ujumbe, na akishika simu kusema vokal, ujumbe wa sauti, hajui kuumaliza.

Alhamisi hiyo Gustave alikuja na furaha zake. Simu yake ilikuwa kwa Serveur tangu Jumatatu jioni. Mvua ilinyesha siku mbili na paneli haikutoa moto wa kuamsha hata redio. Sasa jua lilikuwa limetoka, simu imejaa, na Gustave alikaa benchini akaiwasha, akangoja salamu za siku tatu ziingie kwa mkupuo. Aliomba kahawa. Alingoja. Hakuna kilichoingia. Akafungua grupu la familia, Wana wa Nyirabagenzi, lililopewa jina la marehemu mama yao, lenye watu thelathini na mmoja. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa Kifaransa. Akamsogezea Direkta.

— Soma hii.

Direkta alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

— Imeandikwa: Godelieve amekuondoa.

— Ameniondoa wapi?

— Mu grupu. Kifaransa haidanganye, Papa Vokal. Dada yako alikutosha.

Gustave aliweka kikombe chini. Si kwamba hakuelewa. Alielewa haraka kuliko alivyotaka. Keshokutwa, Jumamosi, ilikuwa siku ya mahari ya Claudette, mtoto wa kwanza wa Godelieve, kule Kashuga. Na katika vilima hivi binti hatoki kwao mpaka mujomba wake, kaka wa mama, asimame mbele ya wageni, aseme maneno yake, apokee mbuzi wake, abariki. Koti lilikuwa limeshapigwa pasi. Maneno alikuwa anayapanga tangu Pasaka. Na sasa hajui hata saa watakayofika wageni, maana mambo yote ya sherehe yalikuwa yanasemwa ndani ya grupu.

— Posho, hiyo Jumamosi, siendi, akasema.

— Papa Gustave, ngoja kwanza, akasema Mama Agathe.

— Siendi. Mutu mwenye alinitosha mu simu, alinitosha mu ukoo. Mbele, kwa kufukuza mutu mu familia, wazee walikuwa wanaikala siku mbili ku barza, wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, wanaulizana. Leo dada yangu alitumika kidole moja. Wazee walisema kidole moja haiue chawa. Yake imeua ukoo muzima.

Ilikuwa hoja nzuri, na benchi lote liliiitikia kwa vichwa. Halafu Serveur akajikohoza, kwa sababu simu inapotajwa yeye hawezi kunyamaza muda mrefu.

— Miye naona haiko Godelieve. Iko memwari.

— Memwari gani?

— Grupu ikijaa, simu inatafuta mwenye iko na uzito mingi, inamutosha. Vokal zako ni dakika kumi, dakika kumi na mbili. Hiyo ni gunia ya makala ya kupikia, Papa Vokal. Wengine wanatuma kidole gumba na ka-moyo, vitu vyepesi. Njo maana wazee walisema: damu ni nzito kuliko maji.

— Hiyo inaingia wapi? akauliza Direkta.

— Inaingia ku uzito.

Gustave hakuridhika. Kuondolewa na mashine hakumpi mtu wa kumkasirikia, na yeye alihitaji mtu. Direkta akamletea.

— Hapana, hii iko mupango, akasema. Muchumba wa Claudette anatoka Goma. Watu wa Goma hawapendi kutoa mbuzi ya mujomba, wanasema ni mambo ya zamani. Sasa walifanya nini? Wakamupa Godelieve mega ya simu, akakutosha, mujomba hayuko, mbuzi haiko. Mugeni njoo, mwenyeji apone. Mugeni alikuja, lakini mwenyeji haujapona.

— Wananikimbiza juu ya mbuzi, akasema Gustave, na sauti yake ikapanda. Mimi mwenye nilimubeba Claudette mugongoni akiwa na surua.

— Njo vile.

— Na Godelieve alikubali.

— Alikubali. Muchimba kisima huingia mwenyewe. Utamuona.

Kahawa ya Mama Agathe ina tabia yake: kikombe cha kwanza kinaamsha, cha pili kinatia akili, cha tatu kinaiondoa ile akili ya cha pili. Walikuwa wameingia cha tatu. Mama Agathe mwenyewe, ambaye hainywi, alisema tatizo ni ile picha aliyoiweka Gustave kwenye simu yake, amevaa kofia ya mazishi ya shemeji yake. Picha ya namna hiyo mtu mbaya anaichukua, anaipeleka kwa mganga, na hapohapo ndugu zako wanaanza kukuona kama jani. Serveur akasema sivyo, wenye reseau, wale wanaouza mtandao, ndio wanaochochea ugomvi katika familia, kwa sababu watu wanaopendana wanasalimiana mara moja kwa wiki basi, lakini watu waliokosana wanatumiana vokal mchana na usiku.

— Ugomvi inakula mega mingi kuliko upendo. Angalia tu.

— Nyinyi hamujasoma, akasema Direkta. Yale mawe iko ndani ya simu ilichimbwa huku kwetu. Simu ikikaa Ulaya inatulia, haijui mutu. Ikirudi huku inasikia harufu ya kwao, inakumbuka vile waliitosha mu udongo na nguvu, nayo inaanza kutosha watu. Njo kisasi.

Hata Serveur alimwangalia. Lakini Gustave alikuwa amefika mahali ambapo maneno yote yanamfaa. Mbuzi, mganga, mega, mawe, vyote alivipokea na vyote vilikuwa na sura moja, ya Godelieve. Aliinuka akasimama mbele ya benchi, akaanza kuongea kwa ile sauti yake ya vokal, inayojulikana mpaka ng'ambo ya bonde: kwamba yeye ndiye kaka mkubwa, kwamba Godelieve amekuwa na kiburi tangu apate mkwe mwenye pikipiki mbili, kwamba Jumamosi watakapotafuta mujomba watatafuta mpaka jioni, na Claudette atatoka kwao bila baraka, na wote watajua kosa ni la nani.

Wakati huo mama mmoja alikuwa ametua kapu lake la vitunguu kando ya mkaratusi wa tatu. Hakuna aliyemwona akifika. Alikuwa na matope hadi magotini, matope mekundu ya barabara ya Kashuga. Alimsikiliza Gustave bila kusogea, kichwa kimeinama upande.

— Samahani, Papa, akasema. Hii sauti niko naijua. Njo weye kaka ya Mama Godelieve?

— Alikuwa dada yangu. Weye ni nani?

— Mimi ni Verdiane, jirani yake. Natoka kule sasa. Nilikuwa natafuta nyumba yako.

Wote watatu waligeuka. Mama Agathe akamwekea kikombe, naye akakishika bila kunywa.

— Nilikuwa mu lupango, mu uwanja ya nyumba yake, siku ya kazi moja, hiyo Jumatatu, vokal yako ilifika, akasema. Papa, ile vokal, weye mwenyewe ulishaisikiliza?

Swali lilikuwa dogo. Gustave alimtazama Serveur, Serveur akamtazama Direkta. Nani anasikiliza vokal yake mwenyewe? Ulishaisema, unaijua, kuisikiliza tena ni kula moto wa bure.

— Ilikuwa baraka tu, akasema Gustave. Ya Claudette. Kidogo tu.

— Ilikuwa dakika kumi na ine.

Serveur akajikuna shingo. Jumatatu ile, hapohapo benchini, ndiye aliyemfundisha Gustave namna mpya: uko nasogeza kidole juu, ka-kufuli inajifunga, simu inaendelea kunasa bila kuishikilia, unaongea mikono ikipumzika. Gustave aliipenda sana ile. Alisema baraka zake, akaiweka simu hapa kwenye ubao, akachukua kikombe. Alipokuja kuikumbuka, aliona ka-mshale ka kutuma, akakabonyeza.

Grupu lilikuwa limemfukuza, lakini yaliyopita lilimwachia. Gustave aliitafuta vokal ile. Aliibonyeza.

Ilianza vizuri. Dakika moja na nusu ya baraka, kwa sauti nzito ya kanisani, akitaja jina la mama yao. Halafu ubao ukagonga, vikombe vikalia, na sauti ya Serveur ikauliza ng'ombe ni wangapi. Na sauti ya Gustave ikajibu, ile ya benchini, yenye raha.

— Saba. Godelieve iko nauzisha mutoto sawa shamba. Tangu bwana yake afe hajakula muzuri, sasa ameona Claudette njo sahani.

Kicheko. Sauti ya Direkta ikasema mjane akipata kijiko husahau chungu, methali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia kabla. Kicheko tena, cha Mama Agathe kikiwa juu ya vingine. Halafu Gustave.

— Ule mwaka ya vita, walikimbia Nyamitaba, alikuja huku na mizigo na watoto ku mugongo, ananiomba mahali. Nikamwambia nyumba iko kidogo. Akarudi Kashuga, akaingia mu kambi ya wakimbizi. Sasa muone. Kumbe nilimupeleka ku bahati. Hata mbuzi mbili anafaa kunipa.

Walicheka muda mrefu. Kwenye simu kicheko kilikuwa kikubwa kuliko walivyokikumbuka, na kila mmoja aliweza kukitambua chake. Gustave hakuizima. Aliiacha iende hadi mwisho, dakika baada ya dakika, bei ya maharage, goti la Direkta, hadi ikakatika yenyewe. Aliona aibu, na hakuwa na mahali pa kuiweka, kwa sababu maneno yale hakuna aliyemsingizia. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu mwaka ule.

— Walisikia wangapi? akauliza.

— Kule vokal ya mujomba haisikilizwe na mutu moja, Papa. Tulikuwa tunachagua muchele, wamama kumi na watano, na watoto. Mama Godelieve aliweka simu ku kiti ya katikati, na sauti yote. Ilipogeuka, tukamwambia azime. Akasema tuache iendelee, pengine utarudia ku baraka.

Direkta aliivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

— Ikaisha, akasema Verdiane. Akaenda kuchota maji. Claudette njo alishika simu ya mama yake akakutosha. Godelieve aliporudi alimuuliza tu: sasa mujomba atajua saa namna gani?

Gustave alikaa. Asubuhi nzima alikuwa amemtukana mtu asiyehusika, kwa ajili ya kidole kisichokuwa chake.

— Mama Godelieve njo alinituma, akaendelea Verdiane. Alisema: muulize kama alishaisikiliza. Kama hajaisikiliza, usimwambie kitu, uza vitunguu yako urudi. Kama ameisikiliza, mwambie ni posho, saa ine ya asubui. Kiti yake iko.

Serveur, ambaye alitaka sana kuwa na faida, alisogea akasema kwa sauti ya chini kwamba Papa Vokal angeweza kumtumia dada yake vokal fupi ya kuomba msamaha, yeye mwenyewe angemsaidia kuishikilia. Gustave aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka kwenye ubao, mahali palepale ilipokuwa Jumatatu.

— Unarudi saa ngapi? akamuuliza Verdiane.

— Nikisha kuuza hivi vitunguu.

— Mama Agathe atavinunua vyote. Twende sasa.

Mama Agathe alivipokea vitunguu kwenye kitenge chake, akalipa. Aliinamisha termo juu ya kikombe cha Direkta, yakatoka matone mawili na machicha. Gustave alifunga vifungo vya shati, akalibeba lile kapu tupu, akashuka hadi barabarani, halafu akasimama.

— Na Claudette? akauliza. Claudette alisema nini?

Verdiane alikuwa ameshatangulia. Aligeuza kichwa tu.

— Claudette hakunituma, Papa.