Mpira Umevuka Uzio, Mtoto Katolewa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka lililofungwa siku nyingi, na ukiinuka ghafla unamwangusha mwenzio. Wanaolikalia jioni wanajulikana. Yupo Breki, dereva wa lori, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake hauna. Yupo Kesi, bawabu wa mahakama, ambaye kwa kusimama mlangoni miaka yote hiyo anajiona naye ni nusu hakimu. Yupo Sukari Kidogo, muuza kahawa, na jina lake linajieleza. Halafu yupo Hamira, mwoka mikate, anayepita hapo kunywa kikombe kimoja kabla ya kuingia zamu. Jioni hiyo Hamira alikuwa amechoka mpaka kope zinamuuma, na juu ya uchovu alikuwa na shida, na shida yenyewe ilikuwa besiboli. Ndiyo, besiboli! Watoto siku hizi shuleni wanafundishwa mambo yote, wazazi ndio wanaobaki kushangaa.

— Anza tena, akasema Breki. Pole pole. Huo mchezo mimi bado haujaniingia.

— Nimeueleza tangu juzi.

— Eleza kama unamweleza mkweo.

Hamira akashusha pumzi. Akawanyang'anya vikombe, akavipanga chini, vinne, pembe nne.

— Hiki ni nyumbani. Unasimama hapa na gongo. Ukiupiga mpira unakimbia: besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, unarudi hapa. Ukifika, pointi moja.

— Unarudi pale pale ulipotoka? akauliza Sukari Kidogo.

— Pale pale.

— Si ungebaki tu.

— Wewe mimina kahawa! akasema Kesi. Endelea, Hamira. Na hicho kikombe cha nyumbani ni changu, usikimwage.

— Sasa, mpira ukipaa ukavuka uzio, hiyo ndiyo homurani. Hapo hakuna wa kukuzuia, unakwenda mwendo wako. Ila ni lazima uzunguke, uguse besi zote, moja moja. Na usimpite mwenzako aliye mbele yako. Ukimpita, umetoka.

— Na binti akampita.

— Akampita.

Alilisema kwa sauti ndogo. Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku ya mechi timu ya binti yake ilikuwa nyuma kwa pointi mbili, mwisho mwisho kabisa. Mwenzake alikuwa kwenye besi ya kwanza. Binti akaupiga mpira, ukapaa, ukavuka uzio, watu wakapiga kelele. Pointi mbili hizo, wamesawazisha! Lakini yule mwenzake alikuwa amesimama katikati ya besi ya kwanza na ya pili, anautazama mpira, anaogopa usije ukadakwa akalazimika kurudi besi ya kwanza. Binti akaja mbio, akampita. Refa akanyanyua mkono. Mwenzake akahesabiwa, yeye akafutwa, na aliyefuata kupiga akakosa mipira yote. Wakafungwa kwa pointi moja.

Tangu siku hiyo mtoto kanyamaza. Asubuhi ni shikamoo baba, marahaba, basi. Jezi ameifua, ameikunja, ameiweka juu ya kabati, na amemwambia mama yake kwamba kesho anairudisha kwa kocha, hachezi tena. Mtoto ambaye alikuwa analala na gongo kitandani!

— Nipeni neno la kwenda nalo, Hamira akasema. Niende kwa kocha niseme mwanangu kaonewa. Kesho asubuhi jezi inaondoka, jamani.

— Kaonewa, tena wazi wazi, akasema Breki. Mimi nipo barabarani tangu sijaota ndevu. Gari la mbele likisimama, wewe wa nyuma unafanya nini? Unawasha taa, unapita. Kosa ni la aliyesimama bila kuweka alama.

— Unataka yule mtoto mwenzake aweke matawi?

— Aweke hata kiatu!

Kesi akakohoa, kile kikohozi chake cha kutaka watu wakae sawa.

— Ninyi mnazungumzia barabara. Hili ni suala la mipaka. Mpira umetoka uwanjani, sivyo? Ukishatoka, refa hana mamlaka nao tena. Yote yaliyotendeka baada ya hapo hayamo kwenye mchezo. Yule refa alikuwa mtu tu amesimama kwenye majani.

— Kwa hiyo na pointi nazo hazimo, akasema Sukari Kidogo.

— Pointi zilipatikana hewani, kabla ya uzio.

— Sasa ya nini kukimbia?

— Hiyo ni kukamilisha taratibu. Kama kupiga mihuri.

Hamira alikuwa anavitazama vikombe. Usingizi ulikuwa unamvuta kichwa mbele, naye anajizuia. Alitaka sana kuamini hata hoja moja kati ya hizo, lakini alijua kocha atamcheka.

— Wewe si ulikuwepo? Breki akamgeukia. Yule mwenzake alisimama kabisa au alikuwa anatembea?

Hamira akajikuna shingo.

— Alisimama. Niliona kwa... kwa mbali kidogo.

Hakuona kitu. Habari yote alipewa na kocha mwenyewe, dirishani pa kiwanda, kocha akinunua mkate. Siku ya mechi Hamira alitoka zamu asubuhi, akaoga, akavaa shati lake jekundu, akakaa kwenye kiti afunge kamba za viatu. Alipoamka, jua lilikuwa linazama na kamba moja alikuwa bado ameishika mkononi. Wa benchi hakuwaambia. Angeanzia wapi?

— Kama alisimama, mimi nimemaliza, akasema Breki. Sikilizeni. Dunia inazunguka au haizunguki?

— Inazunguka, akasema Kesi kwa tahadhari.

— Basi aliyesimama anarudi nyuma! Binti hakumpita mtu. Mwenzake ndiye aliyerudishwa na dunia.

— Lo!

— Kamwambie kocha hivyo. Mwambie apime.

— Basi na besi nazo zinarudi nyuma, akasema Sukari Kidogo.

— Besi zimepigiliwa misumari!

Kesi akasema kwamba kama ni hivyo, basi mshitakiwa halisi ni aliyechagua uwanja unaotazama upande ule, na yeye yuko tayari kuuliza masijala utaratibu wa kumshitaki. Breki akasema ashitakiwe pia aliyetengeneza uzio mfupi, maana uzio ungekuwa mrefu mpira usingevuka na balaa lote lisingetokea. Wakapandishana sauti. Ubao ukayumba.

Hapo ndipo alipofika yule fundi cherehani aliyepanga chumba cha pembeni siku si nyingi. Mwanamke mtu mzima, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hajawahi kukaa benchi lile.

— Hamjambo, ndugu zangu. Kahawa ipo?

— Ipo ya mwisho mwisho, mama. Karibu, sogeeni mama akae.

Wakasogea. Breki, bila kuombwa, akamsimulia kila kitu, vikombe vyote vinne, mwenzake aliyesimama, refa, na dunia juu yake. Fundi alisikiliza huku anapuliza kahawa. Hakuonekana kushangazwa na dunia.

— Huyo mwenzake alikuwa mbele yake kabisa?

— Mbele yake kabisa, njia moja.

— Mchana kweupe?

— Mchana kweupe, mama.

— Kwani binti alikuwa anaangalia wapi?

Breki akavitazama vikombe, kuanzia cha nyumbani mpaka cha besi ya pili.

— Si ndiyo, akasema fundi. Mtu hawezi kumpita mwenzake njia moja asimwone, labda macho yapo kwingine. Mpira ulikuwa umeshatoka, hakuwa na haja ya kuutazama. Sasa alikuwa anaangalia nini?

— Muulize huyu, akasema Breki. Baba yake ndiye huyu. Alikuwepo.

Wote wakamtazama Hamira. Na Hamira usingizi ukamtoka wote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji.

Getini. Alikuwa anaangalia getini. Asubuhi ya mechi, mtoto anakunywa chai, baba ndiyo kwanza anaingia na unga bado nyuma ya masikio, yeye mwenyewe Hamira alimwambia: mimi nitasimama getini, kule nyuma ya besi ya pili. Nitavaa shati jekundu. Ukipiga wewe tazama tu getini, utaniona. Mtoto kapiga. Mtoto katazama. Katazama na kukimbia, anatafuta shati jekundu, watu wanapiga kelele na shati halipo.

— Hamira? akaita Kesi. Jibu swali.

Akainama akaokota kikombe chake, kile cha besi ya pili, akakuta kitupu.

— Niongezee, akasema.

Sukari Kidogo akainamisha birika mpaka mwisho. Yakatoka matone na machicha.

— Imekwisha, ndugu yangu.

Hamira akasimama. Ubao ukainuka upande, Breki akashika ukuta asianguke. Kiwanda cha mikate kiko mkono wa kulia, nyumba yake mkono wa kushoto. Akashika kushoto.

— We, Hamira! Breki akapaza sauti. Kiwandani huku! Zamu je?

— Wataoka bila mimi.

— Na kwa kocha utakwenda kusema nini?

— Kwa kocha siendi.

Nyuma yake alimsikia fundi akiuliza kwa upole kama amesema neno baya. Miguu ilikuwa mizito, mgongo unauma, na nyumba haiko karibu. Njia nzima alikuwa analirudia lile neno alilokataa kulisema tangu siku ya mechi, nalo fupi hivyo, hata pumzi moja halimalizi. Alipofika mlangoni, mtoto alikuwa amekaa kizingitini na jezi mapajani, anatoa uzi uliochomoza.

— Shikamoo, baba.

Hamira hakuitikia marahaba. Alikaa chini, hapo hapo kizingitini.

— Nililala, mwanangu.