Mpira Ulioporomoka Suji

Benchi la kahawa nyuma ya stendi ya Same lina wenyewe watatu, na jua likilifikia huwa wanalihamishia kivulini, hawaendi nyumbani. Yupo Elifasi wa Suji, kule mlimani, aitwaye Golikipa, ingawa siku hizi hata kikombe kinamponyoka. Yupo Kaleb wa Kihurio, kule tambarare, aitwaye Kofia. Na yupo Linus, aitwaye Profesa, aliyekuja zamani kukata mkonge na sasa anapiga soga tu. Asubuhi hii Elifasi hakuwa amelala vizuri. Jumapili washenga wa Rodgers, kijana wa Kaleb, wanapanda mlima kumposa binti yake Rosemary, na Rosemary amemwambia baba yake waziwazi kwamba akiwarudisha tena, ataolewa bila baraka zake.

— Nitawapokea, alisema Elifasi. Ila kwanza ukiri hapahapa kwamba mlifungwa.

— Tulifungwa lini? aliuliza Kaleb. Ilikuwa moja moja.

Mechi yenyewe, Suji na Kihurio, ilichezwa Suji, enzi wote wawili wana nywele. Uwanja ule uko ukingoni mwa mlima, na sheria ya kule ni moja tu: aliyeugusa mpira mwisho ndiye anayeufuata bondeni. Elifasi aliupiga, ukapita juu ya Kaleb, ukaporomoka. Elifasi akasema umegusa kichwa. Kaleb akasema umegusa kofia, na kofia si mchezaji. Basi hakushuka mtu. Walibishana mpaka giza likaingia, kisha kila upande ukaenda kwao ukiimba wimbo wa ushindi.

— Kofia ilikuwa kichwani mwako, alisema Elifasi. Aliyekataa kushuka ndiye kashindwa. Watoto wa Suji wamekua wakijua hivyo. Ukiwanyang'anya mechi ile, unawaachia nini?

— Na wa kwetu je? Sisi hata msibani, mtu akishazikwa, tunaizungumza mechi ile.

Linus alikohoa, kwa namna ya mtu anayefungua semina.

— Hili suala ni la miguu. Mtu wa Suji anatembea kwenye mteremko tangu utoto. Mguu mmoja umefupika. Ndiyo maana mna mawinga wazuri.

— Miguu yangu iko sawa.

— Hebu simama tuone.

Elifasi hakusimama.

— Mtu wa Kihurio naye kakulia kwenye tope la majaruba ya mpunga, aliendelea Linus. Mweke pakavu, anakimbia mpaka anapitiliza goli. Sasa timu ya taifa inafungwa kwa nini? Inaokota watu wa tambarare. Ipige kambi Suji, uone kama Afrika nzima haitashinda bondeni ikitafuta mpira.

— Na sisi Kihurio tutakuwa wapi? aliuliza Kaleb.

— Chini hukohuko, mnawaokotea.

Kaleb aliweka kikombe chini.

— Siku zote mnataka tuwaokotee. Golikipa, kijana wangu ana kosa gani?

Hakuwa na kosa, na Elifasi alilijua hilo vizuri. Rodgers ndiye aliyemteremsha mkewe, mama Rosemary, kwa pikipiki usiku wa mvua, akamfikisha hospitali salama. Elifasi alimpenda yule kijana. Ila aliogopa kurudi Suji akaitwa mzee aliyeuza mechi kwa mahari, na aliogopa zaidi kuiona nyumba bila Rosemary.

Mama mmoja wa Kimaasai, Noonkipa, alikuwa ametua dumu lake la maziwa pembeni ya benchi apumzike kidogo.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Nimewasikia muda. Hao watoto wenu wakioana, wakazaa, mtoto atakuwa wa timu gani?

Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe.

— Atakuwa golikipa, alisema Elifasi.

— Golini kwa nani?

Hapo Profesa aliomba kahawa, akaambiwa imekwisha. Kaleb alivua kofia, akaiweka benchini katikati yao, na hakuna aliyeigusa. Kisha Elifasi aliinuka, akajipangusa suruali.

— Jumapili washenga waje mapema, kabla mvua haijaharibu njia. Hayo mengine tutayazungumza huko juu. Na wewe uje nao, Kaleb. Kofia iache nyumbani.