Mpishi Aliyekataa Udongo Ukae Uchi

Ndugu wafiwa, majirani, walimu na wafanyakazi wenzake, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi kwenye jua hili, nawashukuru, na naomba mnivumilie, maana macho yangu ni ya mtu aliyechomelea vyuma miaka arobaini, na binti yetu aliyeichapa karatasi hii amependa herufi ndogo. Mimi ni kaka wa marehemu, na ninasoma kwa sababu yeye mwenyewe aliniagiza, wiki tatu zilizopita, akiwa ameegemea mto anabangua kunde, akasema, "Kaka, historia yangu utaisoma wewe, na ule moto usiuruke." Nikamwambia watu hawaji mazikoni kusikia habari za moto, naye akasema, "Wangu watausikia."

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa baba yetu, fundi viatu, na mama yetu, aliyekuwa akifua nguo za watu, na mimi, niliyemtangulia kwa miaka sita, ndiye niliyetumwa kumwita mkunga, nikasimama njiani kutazama treni ikigeuzwa, nikarudi nikakuta mtoto ameshafika, jambo ambalo alinikumbusha kila nilipochelewa mahali popote tangu alipojifunza kusema.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 akamaliza Novemba 1972, akafaulu vizuri, lakini mwaka huo huo mama alianza kuugua kifua, na kwa kuwa dada zetu wakubwa walikuwa wameshaolewa, yeye ndiye aliyebaki nyumbani kumuuguza kwa miaka miwili, wala sikumbuki hata siku moja aliyolalamika. Mwaka 1975 alipata nafasi ya mafunzo ya upishi ya mwaka mmoja, akatunukiwa cheti tarehe 28 Novemba, na fremu ya cheti hicho nilimchomelea mimi, ndiyo maana haijawahi kukaa sawa ukutani.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kuwa msaidizi wa jiko katika shule ya sekondari ya bweni ya wasichana, akawa mpishi mkuu mwaka 1985, na hapo alifanya kazi mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2013. Jiko lile mnalijua wengi wenu, refu, lenye paa la bati na masufuria ya kuogea mtoto, na nyuma yake palikuwa na shimo ambamo maganda yote ya siku yalitupwa yakachomwa pamoja na mifuko ya plastiki, moshi ukaingia madarasani. Mwaka 1988 marehemu alimwomba mkuu wa shule wa wakati huo ampe kipande cha ardhi nyuma ya tangi la maji ili maganda yale ayafanye mboji, akajibiwa, "Mpishi, hapa ni jikoni, si jalalani," naye akasema kwa adabu zote, "Ndiyo maana sitaki tuwe na jalala, mwalimu." Akapewa kipande, labda ili aondoke ofisini, na kwa kufundishwa na mwalimu wa kilimo akajifunza kupanga tabaka la vikavu na tabaka la vibichi, kunyunyiza maji, kufunika na kusubiri, na baada ya miaka miwili wasichana wale walikuwa wanakula mchicha na majani ya maboga katika miezi ya joto kali, wakati sokoni hata kitunguu kilikuwa kimesinyaa. Ndio waliompa jina la Mama Maganda, na ninawaona hapa wengine, sasa ni mama za watu, wanaitikia kwa vichwa.

Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1980, alifunga ndoa na fundi bomba wa shule hiyo hiyo, kijana mpole aliyekuwa amekuja jikoni mara tatu ndani ya wiki moja kutengeneza bomba ambalo, kwa ushahidi wa marehemu, halikuwa na ubovu wowote. Mungu akawajalia watoto wawili, binti yao, ambaye leo ni muuguzi, mwaka 1982, na mwana wao, mwalimu wa hesabu, mwaka 1986. Shemeji yangu alifariki tarehe 9 Agosti 2003 baada ya kuugua siku kumi na moja, na kwa kuwa nyumba waliyokaa ilikuwa ya shule na ilihitajika kwa fundi mpya, Machi 2004 marehemu alihamia kwenye kiwanja cha urithi, ukuta kwa ukuta na karakana yangu.

Kiwanja kile kilikuwa maegesho ya malori kwa miaka mingi, kimeshindiliwa mpaka jembe linadunda, kina mafuta meusi na kokoto, na saa sita mchana huwezi kukikanyaga bila viatu. Alipanda msimu wa kwanza, vyote vikafa ndani ya wiki tatu, tukacheka, na wa kwanza kucheka nilikuwa mimi. Yeye akapanda tena, safari hii si kwa ajili ya kula bali kwa ajili ya kufunika, kunde na marando ya viazi vitamu kila mahali, na mbaazi kwa mistari ili kivuli chake cha alasiri kiangukie mboga, na vitanda akavichimba viingie chini badala ya kuviinua, maji yasikimbie, kisha akakusanya majani makavu ya mtaa mzima akatandaza unene wa kiganja. Nikamwuliza kwa nini anaufunika udongo kama mgonjwa, akasema, "Kwa sababu ni mgonjwa. Hebu wewe kaa uchi hapo mpaka jioni, halafu tuongee."

Sasa nausoma moto. Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2006, marehemu akiwa kazini, niliona nyoka akiingia kwenye lundo lake la majani lililoegemea ukuta wangu, lundo la miaka miwili, na badala ya kumsubiri mwenyewe nikachukua kiberiti. Upepo ukageuka, moto ukatoka kwenye lundo ukafuata matandazo kitanda kwa kitanda, ukala kunde, ukala mbaazi, na nilipomaliza kuuzima kwa maji ya karakana kulikuwa na weusi kutoka ukutani mpaka mlangoni kwake. Alirudi saa kumi, akaweka kikapu chini, akatembea hadi katikati, akainama akashika jivu, akaniuliza, "Nyoka umeshamuua?" Nikasema ametoroka. Akasema, "Basi yeye amepona," akaingia ndani akafunga mlango.

Tulikaa miezi kumi hivyo. Kila asubuhi alipita mbele ya karakana, akanipa shikamoo yangu kamili, nikaitikia marahaba, na hapo hapo duka likafungwa. Hakunisema kwa mtu, na hilo ndilo lililoniuma, maana mtu akikutukana unapata la kujitetea. Agosti 2007 nilikata nyasi za kando ya barabara, nikajaza mkokoteni, nikamshushia mlangoni, akazipekua akasema, "Hizi zina mbegu za magugu, rudisha," nikarudisha. Siku ya tatu nikaleta maranda kutoka kwa seremala, akayanusa akasema, "Mbao hizi zimepakwa dawa ya mchwa, rudisha," nikarudisha. Wiki iliyofuata niliomba ruhusa nikafagia uwanja mzima wa posta, magunia tisa ya majani makavu safi, nikayapanga mbele yake, nikasema neno ambalo nilipaswa kulisema Oktoba, nikasema, "Mdogo wangu, nilikukosea." Akatazama magunia, akanitazama mimi jasho linanitoka, akasema, "Kaka, una miaka hamsini na tano, unafagia posta?" Akaanza kucheka, nami nikaanza kulia, na akanipa uma wa bustani akasema tutandaze kabla jua halijapanda.

Tangu siku ile nilikuwa kibarua wake. Tulichimba shimo la duara tukalizungushia migomba, maganda yote ya nyumba zetu mbili yakaingia humo, na mwaka 2011, mabomba ya mtaa yalipokaa siku arobaini bila maji ya kutosha, maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea yalitosha kuivusha bustani ile siku hizo zote, kwa sababu ukifunua matandazo ulikuta udongo chini yake bado una ubaridi na nyungunyungu. Hakuna nyumba ya mtaa huu iliyokosa mboga kwake mwaka ule, na wengi aliowapa mboga waliondoka pia na fungu la marando, na amri ya kwenda kuyapanda.

Mwezi Juni 2021 madaktari waligundua kwamba shinikizo la damu lilikuwa limeharibu figo zake, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku zisizo za hospitali alikaa kwenye kigoda katikati ya vitanda akituongoza kwa fimbo, mimi na binti yake, huku akiwapa wauguzi wa kitengo kile somo la mboji ambalo hawakuliomba. Mwezi Mei mwaka huu nguvu zilimwisha, na Jumatatu ya mwisho aliomba aletewe udongo kwenye bakuli, akaushika, akauponda kwa vidole, akaunusa, akamwambia mwanawe, "Huu sasa umekuwa udongo," kisha akalala. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa binti yake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi miwili na siku ishirini na sita. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mimi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomhudumia miaka mitatu bila kumchoka, walimu na wafanyakazi wa shule, waliotuma gari na kupika kwa ajili yenu wote leo, na wasichana wake wa zamani, waliochangia dawa kimya kimya. Majirani, nanyi nimewawekea neno lenu mwisho. Jana alfajiri nilitoka na ndoo mbili, nikijua hakuna aliyemwagilia tangu Alhamisi, nikakuta vitanda vyote vimeshalowa mpaka pembeni, na matandazo yamerudishwa juu taratibu, jinsi anavyotaka yeye, na hadi sasa hakuna aliyekuja kuniambia ni nani. Sitauliza. Nilikaa pale kwenye ubaridi ule mpaka jua likapanda, na ndipo nilipoweza kuja kuwasomea haya.

Mdogo wangu, kazi umeiacha mikononi mwa watu, nenda ukapumzike, amani iwe juu yako.