Mama Zima-Washa, Aliyekataa Kusaini

Ndugu waombolezaji, dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wauguzi nyuma ya kiwanda cha saruji, akiwa mtoto wa kwanza wa mkunga na dereva wa lori, akaanza shule ya msingi 1968, sekondari 1975, na akahitimu stashahada ya kemia Novemba 1983, ila ubishi, jamani, alikuwa ameuhitimu zamani.

Januari 1984 aliajiriwa maabara, na tarehe 6 Agosti 1988 akaolewa na mwalimu wa hesabu, aliyemposa mara tatu kwa sababu dada hakuamini jibu la mara moja, hata likiwa lake mwenyewe, wakajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni seremala.

Kazi yake ilikuwa kichocheo cha platinamu, ule unga mweusi unaoiwezesha mashine ya haidrojeni kutoa umeme, kitu cha bei mbaya na kinachochakaa upesi. Mwishoni mwa 2008 mkuu wake aliiwasha mashine saa elfu moja bila kuizima, akatangaza kwamba unga ule hauchakai, dada akamwambia kwamba watu majumbani huzima mashine zao, akaizima na kuiwasha mara mia tisa, nguvu ikashuka kwa theluthi, na tarehe 3 Februari 2009 akakataa katakata kusaini ripoti ya mkuu iliyosema unga hauchakai. Wakamhamishia stoo ya vyombo vya kioo vya maabara, wakamwita Mama Zima-Washa, wakacheka weee. Naye akaomba mashine mbovu, akaitengeneza, akayachoma upya kwa joto kali zaidi makaa yanayobeba platinamu, akazima, akawasha, miaka minne mizima, hadi Mei 2013 unga wake ulipovuka mara elfu tano nguvu ikiwa karibu ile ile, na ndio unaotumika leo.

Alistaafu 2021, figo zikaanza kumsumbua Agosti 2023, akafariki Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, saa nne asubuhi, baada ya kumuuliza daktari kipimo kilirudiwa mara ngapi.

Juzi ofisi yake ya zamani ilituletea historia yake iliyochapwa tayari, inayosema kwamba dada aliiridhia ripoti ile, tukaombwa tuisome hapa kwa heshima ya taasisi. Hatuisomi ng'o, na asiyependa atuvumilie, msiba ni wetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana nasi kumuuguza, na wenzake waliompelekea sampuli stoo kwa kujiiba. Mkuu aliyemhamisha yupo, amekaa mstari wa pili, karibu sana mzee, kiti tumekupa, shukrani hatuna.

Pumzika kwa amani, dada. Hukusaini, nasi hatutakusainia.