Obadia Ausi Mkwemba, Karani Aliyeita Jina Mara Tatu

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu aliandika majina ya watu kwa miaka thelathini na tisa. Leo tunasoma lake. Yeye mwenyewe aliagiza kwamba wasifu wake usipambwe, na kosa lake lisifichwe kwa heshima ya jeneza. Agizo hilo limetiiwa.

Obadia alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, Chiumbati, wilayani Nachingwea, mtoto wa tatu wa mzee Ausi Mkwemba. Mzee Ausi alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji mwaka 1949, akifuata kazi kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Mashamba yalikufa, yeye akabaki. Kila mwaka alilipa kodi ya kichwa na kuzihifadhi stakabadhi kwenye kopo la bati chini ya kitanda. Kwa mgeni wa ng'ambo ya mto, karatasi zile ndizo zilizothibitisha kwamba yupo. "Asiyeandikwa," alimwambia mwanawe, "hufukuzwa na yeyote mwenye panga." Obadia alilishika neno hilo maisha yake yote, isipokuwa siku moja.

Alisoma shule ya msingi Chiumbati kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari mjini Lindi hadi 1975. Mwaka 1977 alihitimu mafunzo ya ukarani Mtwara. Walimu wake walimsifu kwa mwandiko na kwa sauti: akiita jina uwanjani, aliyeko mtoni aligeuka.

Mwaka 1978 aliajiriwa masijala ya ofisi ya wilaya, Nachingwea, na kodi ya maendeleo iliporejeshwa akapelekwa vijijini kuandikisha walipaji. Wazee mliopo mnakumbuka. Alisimama uani, akaita jina la mwenye nyumba mara tatu, na asipoitikiwa aliandika "Hayupo". Hakuvunja mlango wa mtu, wala hakumfunga mtu kamba. Huko Ruponda, mama mmoja aliapa kwamba mumewe amesafiri. Mara kikasikika kikohozi ndani ya kihenge cha mahindi.

"Mama," Obadia akasema, "huyo 'Hayupo' wako mpe maji, vumbi litamuua."

Aliondoka. Kesho yake yule bwana alikuja mwenyewe ofisini, vumbi la mahindi lingali masikioni.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Josephina, ambaye ni mjane wake leo. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kodi ile ilipofutwa mwaka 2003, Obadia alihamishiwa kitengo cha ardhi, Ruangwa. Kazi yake ikawa kutembea mpakani na kamati za vijiji, kusikiliza majirani, na kuandika kila shamba kwa jina la mwenyewe ili apate hati ya kimila. Alihama na desturi yake. Kabla ya kuandika shamba lolote alisimama mpakani na kumwita mwenye shamba mara tatu, hata kama amekwisha kufa. Wenzake walimcheka.

"Bwana Mkwemba, kodi imefutwa, unaifuata mpaka ahera?"

"Daftari halimjui maiti," aliwajibu, "mpaka aitwe akose kuitika."

Tarehe 9 Juni 2011, saa tano asubuhi, alifika na kamati kwenye mahame yaliyo nyuma ya kijiji cha Nahimba, upande wa Mbekenyera. Watu walihamishwa kutoka pale mwaka 1974. Yamebaki makaburi, vyungu vilivyovunjika na mikorosho. Shamba la ekari sita lilikuwa la Saturnini Nambunga, aliyefariki mwaka 2006. Mdogo wake, Lukasi, aliomba liandikwe kwa jina lake. Jua lilikuwa kali, na hapakuwa na upepo wa kutikisa hata jani.

Obadia aliita, "Saturnini Nambunga!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu.

"Nipo."

Haikuwa sauti ya kupaza. Ilikuwa ya mtu aliyeketi, aliyekwisha kungoja muda mrefu, na ilitoka chini ya mkorosho wa katikati. Wote sita tuliowataja na kamati, karani na Lukasi wakiwamo, waliisikia. Mshika futi aliiachia futi ikajikunja yenyewe. Chini ya mkorosho hapakuwa na mtu.

"Upepo huo, mzee," Lukasi akasema. "Andika twende."

Fomu ilimtaka karani aulize kama marehemu ameacha mjane au mtoto. Alikuwapo mjane, Domitila, aliyerudi kwa kaka zake Nachingwea na binti yake, Happy. Swali moja lingetosha. Obadia hakuuliza. Kwa hofu ya kukaa pale dakika tano zaidi, aliandika "Hayupo" mbele ya jina la mtu aliyemsikia akiitika, akaliandika shamba kwa jina la Lukasi, akatangulia kwenye pikipiki. Ndivyo mjane alivyopoteza haki yake: hakuna aliyekula rushwa, hakuna aliyetumia nguvu. Mtu mwadilifu aliogopa, basi.

Tangu siku ile hesabu zake hazikukaa sawa. Katika kila kijiji alichoita majina, walioitika walizidi orodha kwa mmoja. Alihesabu upya, akahesabisha wengine; mmoja alizidi. Akifika jina la mwisho na kufunga daftari, "Nipo" moja ilibaki hewani, na watu walitazamana kujua ni ya nani. Nyumbani, Josephina alipomwita kula, hakuitika mpaka aitwe mara ya tatu.

"Baba Winfrida, umekuwa kiziwi?"

"Nasikia, mke wangu. Ila mara mbili za kwanza sijui ananiita nani."

Alistaafu mwaka 2017 bila kumwambia mtu sababu. Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa Dar es Salaam, akarudi na mnong'ono tu. Hapo ndipo alipomwambia mkewe yote, akasema, "Sauti inaondoka na neno la uongo bado liko daftarini. Nikifa kabla ya kulifuta, nitaitwa kwa jina gani?"

Tarehe 17 Oktoba 2024 alipanda bodaboda, Josephina akimshikilia kwa nyuma, akafika mbele ya mkutano wa kijiji cha Nahimba. Domitila na Happy walikuwa wameitwa. Alikiri, na kwa kuwa hakusikika, Josephina aliyarudia maneno yake kwa sauti.

Lukasi alisimama. "Miaka kumi na mitatu napalilia pale. Leo karani mgonjwa anakuja kuninyang'anya?"

"Wewe ulisema upepo," Obadia alinong'ona. "Mimi nilijua si upepo, nikaandika. Kosa langu ni kubwa kuliko lako."

Lukasi alikaa chini. Akasema bila kumtazama mtu, "Ilikuwa sauti ya kaka. Korosho za mkorosho ule wa kati sijawahi kuziokota. Nikienda, nakuta zimekwisha kukusanywa, zimewekwa fungu moja."

"Za nani?" mwenyekiti akauliza.

Lukasi alimwelekezea Domitila kidevu.

Mkutano ulikubali daftari lisahihishwe, naye aandike mwenyewe ingawa amestaafu. Wakaenda shambani. Domitila alitaka kumsaidia kuita, Obadia alikataa. Aliita kwa mnong'ono ambao waliosimama hatua tatu hawakuusikia. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, watu walizuia pumzi, na kimya kikaendelea mpaka ndege wakaanza tena kulia. Ndipo aliandika kwa mkono wake: "Ameitwa. Hakuitika. Warithi: Domitila, mjane; Happy, binti." Akafunga daftari. "Sasa Saturnini amekufa," alisema.

Obadia alifariki nyumbani kwake Nachingwea, Jumapili tarehe 11 Mei 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Alikuwa amelala. Alifumbua macho, akatazama mlangoni, akasema kwa ile sauti yake ya zamani, nzima, iliyosikika mpaka barabarani: "Nipo." Josephina anashuhudia kwamba hakuna aliyekuwa amemwita.

Ameacha mjane, Josephina, watoto watatu, Winfrida, Geofrey na Tunu, wajukuu sita, na dada mmoja, Asmaa. Domitila na Happy wako hapa, na wameomba wahesabiwe miongoni mwa wafiwa. Wamehesabiwa.

Kwa agizo lake la maandishi, kabla udongo haujarudishwa mwenyekiti wa mtaa ataliita jina la Obadia Ausi Mkwemba mara tatu. Mtu yeyote asiitike kwa niaba yake, hata kwa mapenzi. Kukiwa kimya, tumshukuru Mungu na tufukie. Kukisikika jibu, asiwepo wa kusema ni upepo. Tukae hapa hapa tuulizane ni haki ya nani bado iko mikononi mwetu.

Pumzika, Obadia. Mwenye daftari lisilokosea akikuita, itika mara ya kwanza.